Winton: Mji mdogo uliokataa mifupa yake ipelekwe mbali

Na Mwandishi Wetu

KILA shule zinapofungwa kati ya Juni na Julai katika jimbo la Queensland, Australia, magari yanayokokota nyumba ndogo za magurudumu huanza kuonekana kwenye barabara ndefu iendayo kaskazini-magharibi, ndani yake wakiwamo wazazi na watoto waliochoka kuuliza watafika lini. Kutoka Brisbane, makao makuu ya jimbo hilo, safari ni ya zaidi ya kilomita 1,300, mwendo unaokaribia ule wa Dar es Salaam hadi Bukoba. Mwisho wake ni Winton, mji wenye wakazi wasiofika 1,000, usio na bahari wala mlima wa kupanda, na ambao katika msimu wa joto, yaani Desemba hadi Februari, kipimo hukaribia nyuzi 40 kwa siku nyingi.

Kinachowapeleka huko ni mifupa. Winton umejijengea jina kuwa mahali ambapo familia inaweza kuona mabaki ya dinosaria, wale viumbe wakubwa wa kale ambao sisi hapa tumezoea kuwaita mijusi, yakiwa bado katika ardhi yalikozikwa miaka ipatayo milioni 95 iliyopita. Kwa msomaji wa Tanzania habari hii ina uzito wa pekee, kwani nasi tuna Tendaguru, mkoani Lindi. Lakini kwanza tuuangalie mji wenyewe, kwani namna ulivyofika hapo ina maana kubwa kuliko mifupa.

Mwaka 1999 mfugaji David Elliott, akiwa katika kazi ya kukusanya kondoo kwenye shamba lake la Belmont, aliona kipande cha mfupa ambacho hakikuwa cha ng'ombe wala cha kondoo. Ilikuja kubainika kuwa ni sehemu ya mfupa wa paja la dinosaria. Kwa wafugaji wa eneo hilo jambo hilo halikuwa geni kabisa. Visukuku vilikuwa vimeonekana huko tangu zamani, na vingine vilichimbwa miaka ya 1970. Jambo geni lilikuwa uamuzi wa Elliott, mkewe Judy na majirani zao wa kuanzisha, mwaka 2002, taasisi isiyo ya kibiashara yenye lengo la kuichimba mifupa hiyo, kuisafisha na kuionyesha hapo hapo.

Udongo wenyewe huwasaidia. Nyanda za Winton zimefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaofanana na ule ambao wakulima wa Kanda ya Ziwa huuita wa mbuga. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hupasuka nyufa ndefu, na kwa mwendo huo wa miaka mingi vipande vya mifupa husukumwa polepole kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo mfugaji anayezijua vyema ardhi zake ndiye mtafiti wa kwanza; wanasayansi humfuata nyuma.

Ili kuelewa kwa nini watu hao walishikilia mifupa ibaki, inafaa kukumbuka yaliyotokea jirani yao. Mwaka 1931 ujumbe wa Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani uliwasili Australia kukusanya wanyama na visukuku. Mwaka uliofuata, kaskazini mwa mji wa Richmond, baadhi ya wajumbe wake walichimbua mabaki makubwa ya Kronosaurus, mnyama mkali wa baharini wa zama za dinosaria, na hata baruti ilitumika kuyatoa. Yalisafirishwa kwa meli hadi Marekani na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 yanaonyeshwa katika makumbusho ya chuo hicho. Visukuku vingine vilivyopatikana baadaye vilikwenda kuhifadhiwa Brisbane. Watu wa bara la Queensland walibaki na mashimo.

Makumbusho ya Winton, yajulikanayo kama Australian Age of Dinosaurs, yamejengwa juu ya kilima chenye kilele bapa kiitwacho Jump-Up, umbali wa kilomita 24 hivi kutoka mjini. Maabara yake ilifunguliwa mwaka 2009. Mwaka huo huo wanasayansi walitangaza aina tatu mpya za dinosaria kutoka eneo hilo: Australovenator, mla nyama mwenye urefu wa mita tano hadi sita, Diamantinasaurus, mla majani mwenye shingo ndefu, na Wintonotitan, aliyepewa jina la mji wenyewe. Wawili wa kwanza walikutwa wamelala pamoja mahali ambapo palikuwa kama dimbwi. Wenyeji waliwapa majina ya utani ya Banjo na Matilda, nasi tutaona punde majina hayo yametoka wapi.

Sehemu inayopendwa na familia, hata hivyo, si ukumbi wa mifupa iliyokwisha kusafishwa, bali maabara. Humo mgeni huona rafu zilizojaa mafurushi ya plasta, kwani mfupa ukitolewa ardhini hufungwa kama mguu uliovunjika, ili usisambaratike njiani. Mezani wamekaa watu wenye vifaa vidogo vinavyotoboa mwamba kwa hewa, wakiuondoa kidogo kidogo pembeni mwa mfupa. Wengi wao si wanasayansi. Wamo wastaafu, walimu na watalii waliolipia siku chache za kufundishwa kazi hiyo, na baadhi hurudi tena na tena hadi wakawa mafundi wanaotegemewa. Yapo pia makundi yanayojiandikisha kwenda kuchimba mashambani kila mwaka.

Hapa ndipo penye hesabu ya kuvutia. Kusafisha mifupa ni kazi ya gharama kubwa. Furushi moja laweza kuchukua miezi. Makumbusho ya serikali hulipa mishahara ili kazi hiyo ifanyike. Winton haukuwa na fedha za mishahara mingi, ukaamua kuifanya kazi yenyewe kuwa kivutio. Mgeni hulipa ili afanye kazi, mfupa husafishwa, mtoto wake husimama akitazama, na usiku wote hulala na kula mjini. Ni vigumu kupata mpango wa utalii wa vijijini uliobuniwa kwa akili kuliko huo.

Mfano mwingine ni njia ya nyayo za dinosaria yenye urefu wa mita 54, iliyokuwa katika mkondo wa kijito kwenye shamba moja la mifugo. Baada ya kufukuliwa ilionekana wazi kuwa mafuriko yangeiharibu. Timu ya makumbusho ikaing'oa kipande kwa kipande, ikaibeba hadi Jump-Up na kuipanga upya ndani ya jengo maalumu lililofunguliwa mwaka 2021. Leo mtoto anaweza kutembea kando ya hatua za mnyama mzito kuliko ndovu. Usiku nako kuna faida: kwa sababu hakuna taa za mji karibu, mwaka 2019 kilima hicho kilitambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga ya giza, cha kwanza nchini Australia, na nyota ni sehemu ya matembezi.

Kilomita 110 kusini-magharibi mwa mji, kwa barabara ambayo sehemu yake ni ya vumbi, ipo Lark Quarry, penye nyayo zipatazo 3,300 kwenye mwamba mmoja. Kwa miaka mingi wageni waliambiwa kuwa kundi la dinosaria wadogo lilitimua mbio hapo likimkimbia mla nyama mkubwa. Tangu mwaka 2011 watafiti wengine wamepinga, wakisema baadhi ya alama zinaonekana kuwa za wanyama waliokuwa wakivuka maji, wakigusa chini kwa ncha za vidole. Mabishano hayajaisha. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo halipunguzi thamani ya safari. Mtoto anayeambiwa kwamba wakubwa bado wanabishana hupata sababu ya kutazama nyayo mwenyewe.

Mjini kwenyewe mambo ni ya gharama ndogo au ya bure. Upo uzio wa nyaya ambao mtu yeyote huupiga kama chombo cha muziki, na kando yake ngoma za vyuma chakavu ambazo watoto huzigonga hadi wazazi wachoke. Upo ukuta wa saruji ambamo fundi mmoja alipachika vyombo vya nyumbani vya kila aina, kuanzia pikipiki hadi cherehani. Ipo sinema ya Royal, iliyoanza mwaka 1918 na isiyo na paa juu ya watazamaji, ambao hukaa kwenye viti vya turubai. Na kila baada ya miaka miwili, Septemba, hufanyika tamasha ambamo washindani hukokota vyoo vya kuhamishika wakikimbizana. Ni upuuzi mtupu, na watu hujaa.

Majina ya Banjo na Matilda yanatokana na Waltzing Matilda, wimbo ambao Waaustralia wengi huuona kama wa taifa lao ingawa si wimbo rasmi. Mashairi yake, yanayosimulia mzururaji aliyeiba kondoo, yaliandikwa na Banjo Paterson mwaka 1895 alipokuwa katika shamba la Dagworth, si mbali na Winton. Mji ulijenga kituo cha makumbusho ya wimbo huo, kikafunguliwa mwaka 1998. Mwezi Juni 2015 kiliteketea kwa moto. Kwa mji wa watu wachache kiasi hicho lilikuwa pigo ambalo lingeweza kuumaliza, lakini jengo jipya lilifunguliwa Aprili 2018.

Si yote yanayong'aa. Utalii wa Winton ni wa miezi sita hivi, Aprili hadi Septemba. Nje ya hapo joto huwafukuza wageni. Ufugaji, ambao ndio uliouanzisha mji, uliandamwa na ukame wa miaka mingi kuanzia 2013, kisha Februari 2019 mafuriko yakaikumba kaskazini-magharibi mwa Queensland na kuua ng'ombe kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2020 safari zilisimama kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19. Mji unaotegemea kondoo na wageni kwa pamoja una miguu miwili, lakini yote miwili husimama juu ya mvua na mafuta ya gari.

Tena, kuna historia ambayo familia huipita bila kuisikia sana. Ardhi hiyo ni ya watu wa jamii ya Koa. Ndani ya hifadhi ya Bladensburg, kusini mwa mji, pana bonde liitwalo Skull Hole, ambako inaelezwa kuwa wenyeji waliuawa kwa wingi katika miaka ya 1870. Mji unaojua kusimulia vizuri hivyo mambo ya miaka milioni 95 ungeweza kuyapa yale ya miaka 150 sauti kubwa zaidi.

Sasa turudi nyumbani. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru zaidi ya tani 200 za visukuku. Waliochimba walikuwa mamia ya wenyeji, wakiongozwa na msimamizi mashuhuri Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba mizigo kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo cha mita 13.27, amesimama Berlin tangu mwaka 1937. Suala la kurudishwa kwake limekuwa likiulizwa bungeni kwa vipindi tofauti, na mwaka 2018 Serikali ilieleza kuwa inapendelea ushirikiano na Ujerumani katika utafiti na uhifadhi kuliko kudai mifupa yenyewe.

Mjadala wetu umekuwa juu ya nani amiliki kilichokwisha kuondoka. Winton nao ulipoteza. Kronosaurus yuko Harvard hadi leo. Lakini wafugaji wa huko hawakungoja. Walianza na kilichobaki ardhini, na jengo lao la mwanzo la kazi lilikuwa banda. Wapo watakaosema kuwa Tendaguru ni mbali na barabara ni mbaya. Ni kweli, ni kilomita zipatazo 60 kutoka Lindi mjini. Olduvai, ambako makumbusho mapya yalifunguliwa mwaka 2017, pana bahati ya kuwa njiani kuelekea Serengeti, ilhali Tendaguru hapako njiani kuelekea popote. Winton nao hauko.

Watafiti wa Kijerumani na Kitanzania waliorudi Tendaguru mwaka 2000 walipata visukuku zaidi, kwa hiyo ardhi hiyo haijaisha. Kwa sasa, mtoto wa Lindi anayetaka kumwona yule mnyama aliyebebwa na mababu zake anahitaji pasi ya kusafiria, viza na tiketi ya ndege ya kwenda Ujerumani.