Wazee wa Kanisa, Futeni Safu ya Tatu

Kwa miaka mingi kanisa likitaka kuwafikia majirani zake hapa Nakuru limejua njia moja tu, nayo ni kukodi vipaza sauti. Jukwaa hupigwa karibu na stendi, spika zikaelekezwa Kaptembwo na Rhonda, mhubiri akaitwa kutoka mbali, na kwa siku tano mtaa haulali. Jumatatu spika hurudishwa kwa mwenyewe. Mama anayeamkia sokoni saa kumi alfajiri anabaki na kijana wake yule yule, ambaye siku hizi halali nyumbani.

Sasa limezuka wazo jingine: waitwe wazazi wa mtaa mzima, waumini na wasio waumini, wafundishwe malezi. Nasema bila kusitasita kwamba ni wazo jema kuliko spika. Lakini nimeona jinsi linavyoweza kuharibiwa, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilihudhuria darasa moja la namna hiyo. Kanisa lenyewe silitaji. Mlangoni palikuwa na daftari lenye safu tatu: jina, nambari ya simu, kanisa unaloabudu. Aliyenitangulia alikuwa mama wa buibui kutoka Bondeni. Aliandika jina, akaandika nambari, kisha akaishika kalamu kitambo. Mwishowe alichora kistari. Ndani mwalimu alizungumza vizuri, kwa nusu saa hivi, juu ya vijana na simu. Ghafla kinanda kikaanza kulia taratibu, tukaambiwa tufumbe macho, na anayetaka kubadilisha maisha yake anyoshe mkono. Yule mama alikuwa amekuja kuuliza habari za mwanawe wa Gredi ya 8 anayetoroka shule. Hakupata nafasi ya kuuliza, na wiki ya pili hakuonekana.

Je, alikosea? Tangu 2023, maiti zaidi ya 400 zilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, wakiwemo watoto wengi mno, hata Mkristo aliyebatizwa utotoni hutazama mara mbili mtu anayemwambia, "Njoo nikufundishe namna ya kumlea mwanao kwa neno la Mungu." Wazazi wa Shakahola nao walifundishwa, na mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka kufa. Basi msishangae jirani akifika mlangoni kwenu akiwa ameshika viatu mkononi, tayari kukimbia.

Wapo watakaonijibu: tuifiche Injili, kwani? La hasha. Msalaba uko juu ya paa, kengele inalia, na ubao wa jina uko barabarani. Anayetaka maombi anaujua mlango wa ofisi ya mchungaji. Ninachokataa ni kumwita mtu aje kula ugali, kisha katikati ya tonge umletee karatasi ya kutia sahihi. Darasa la malezi likitolewa liwe la malezi mpaka dakika ya mwisho, kama vile mgonjwa anavyotibiwa katika hospitali ya misheni bila kuulizwa kwanza anasali wapi.

Wala hili si geni kwa makanisa ya Bonde la Ufa. Mwaka 1992, mapigano yalipochoma nyumba za watu Molo na vijiji vya jirani, waliofukuzwa walikimbilia viwanja vya makanisa, na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeiongoza Dayosisi ya Nakuru ya Wakatoliki kuanzia 1971 hadi 1996, aliwasemea hadharani wakati ambapo kusema kulikuwa na gharama. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, ikawa zamu ya uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa mjini kujaa mahema, na makanisa yakabeba magunia ya unga na mablanketi. Sijasikia kwamba kulikuwa na safu ya tatu katika daftari la blanketi.

Kwa nini basi malezi, na kwa nini hapa? Tazameni mji wenyewe ulivyozaliwa. Reli ilifika 1900, na mitaa ya kwanza ya Waafrika ilijengwa kwa ajili ya kibarua mwanamume: chumba kimoja, kitanda kimoja, mke na watoto wabaki reserve. Leo Nakuru ni jiji, hati yake ilitolewa Desemba 1, 2021, lakini mtindo wa chumba kimoja haujaondoka, na ndani ya chumba hicho sasa mna mama, baba akiwepo, na watoto wanne. Nyanya wa watoto hao, awe cucu wa Kikuyu, yuko Subukia; awe kogo wa Kikalenjin, yuko Kuresoi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nasi tumeihama mikono mingine, tukaiacha kijijini na kuitumia pesa kwa simu.

Nendeni Naivasha, Karagita au Kihoto, mwezi wa Januari ukielekea mwisho. Waridi la Februari 14 halingoji. Mama hutoka kwenda shamba la maua kabla ya mapambazuko na kurudi usiku, na mtoto hushinda kwa jirani ambaye naye ana wa kwake watatu. Mchungaji anayetangaza darasa la malezi Jumamosi saa tatu asubuhi kwa watu hawa amewaalika wasiokuwepo. Darasa lifuate ratiba ya kazi: Jumapili alasiri baada ya kufua, au jioni ya siku ambayo zamu zinaruhusu. Walimu wa Shule ya Jumapili wawashike watoto katika chumba cha pili, maana hakuna mzazi anayesikiliza somo la subira huku mwanawe mdogo akimvuta kanga.

Kuna na hili la shule. Zamani mtoto alimaliza darasa la nane, akienda bweni tukamwachia mwalimu ujana wake wote. Tangu Januari 2023 sekondari ya chini iko katika shule zile zile za msingi, na kijana wa miaka 13, 14, hata 15, sauti imekatika, miguu imerefuka, anarudi jioni kula na sisi. Wengi wetu hatujawahi kuishi na mtoto wa umri huo. Tunamwogopa, na woga huo tunauficha kwa makelele.

Nataka nikae kidogo kwa akina baba. Methali yetu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na nyuma ya methali hiyo wanaume wengi wamepata mahali pa kujificha. Baba hakutajwa, basi baba hayumo. Katiba ya 2010 imemtaja. Kifungu cha 53 kinasema jukumu la kumlea mtoto ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na kuhusu fimbo: kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001, lakini nyumbani bado kuna mwanamume anayempiga mtoto kwa mshipi na kukutajia kitabu cha Mithali kana kwamba amekariri sheria ya polisi. Chifu hawezi kumjibu huyo. Afisa wa watoto atamsomea Sheria ya Watoto ya 2022, naye atatikisa kichwa na kwenda zake. Ni mchungaji peke yake awezaye kumwambia, "Mzee, umesoma nusu, fungua Waefeso 6 uone Paulo anawaonya akina nani." Hapo kanisa lina neno ambalo serikali haina, na ni aibu likikaa kimya.

Tena makanisa yetu tayari yanafanya nusu ya kazi bila kuipa jina. Kila Novemba na Desemba mengi hupeleka wavulana jandoni, wakakaa pamoja, wakapewa nasaha za utu uzima. Kijana hutoka huko na maneno mapya kichwani, akarudishwa kwa baba ambaye hakufundishwa lolote tangu alipotoka jandoni mwenyewe. Wiki ile ile, baba zao wangeitwa jioni mbili tu!

Darasa liwe la Kiswahili. Ibada za lugha ya mama zina utamu wake, wala siziombei kifo, lakini Molo na Njoro wapo wazee ambao tangu 2008 husalimiana barabarani na hawakai benchi moja. Ukiwaita wajadili amani, kila mmoja atakuja na hotuba yake. Ukiwaita waseme wanafanyaje na kijana aliyeacha shule kwa ajili ya bodaboda, watagundua kwamba wameibiwa na mwizi mmoja.

Na asifundishe mchungaji peke yake. Mwiteni mwalimu wa Gredi ya 7, muuguzi wa zahanati, nyanya aliyelea wajukuu yatima. Msiogope kuanza vibaya. Mary Sumner, mke wa kasisi katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza, aliwakusanya akina mama 1876, tajiri na mtumishi wake pamoja, azungumze nao juu ya kulea. Siku ya kwanza moyo ulimtoka, hakuweza kusema neno, akawaomba warudi wiki ijayo. Walirudi. Mothers' Union, ambao wanawake wa Kianglikana wa hapa kwetu wanaujua vizuri, ulianzia kwenye aibu hiyo.

Basi wazee, kabla hamjachapisha mabango, nendeni ofisini mlitoe lile daftari. Jina liacheni. Nambari ya simu iacheni, kwa kuwa mama akikosa wiki mbili ni vyema mtu ampigie amuulize kijana anaendeleaje. Kisha chukueni rula na wino mwekundu, mwende kwenye safu ya tatu, ukurasa kwa ukurasa, hata zile kurasa ambazo bado hazijaandikwa.