Mchemraba mkubwa si lazima uwe mgumu

Watu wakiona mchemraba wa Rubik wa 7x7 hushika kichwa. Jamani, tuelewane: ukubwa si ugumu.

Ule wa kawaida wa 3x3, aliouunda Ernő Rubik wa Hungaria mwaka 1974, una mipangilio kama 4.3 x 10^19. Wa 4x4 una kama 7.4 x 10^45, na wa 5x5 kama 2.8 x 10^74. Hata hivyo, nasema wa 4x4 unasumbua akili kuliko wa 5x5.

Kwa nini? Wa 5x5 una kipande cha katikati kisichohama, kwa hiyo rangi ya kila upande inajulikana. Wa 4x4 hauna; lazima ukumbuke mwenyewe. Tena mwishoni unaweza kukuta vipande viwili vya ukingoni vimebadilishana nafasi, jambo lisilotokea kwenye 3x3.

Na wa 7x7? Mbinu ni ile ile: kusanya vya katikati, unganisha vya ukingoni, malizia kama 3x3. Kinachoongezeka ni kazi tu. Waandishi wa programu mnajua: kurudia amri mara 10 au mara 1000, programu ni ile ile.

Ukitaka kupima akili, nunua wa 4x4. Wa 7x7 utapima subira yako. Mnasemaje?