Katoro: fremu ina kufuli, swichi haina

Ukurasa huu hupima soko kwa bei: mchele, saruji, mafuta na, kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, dhahabu. Wiki hii tunaomba kupima kitu ambacho bei yake haionekani kwenye ankara nyingi, ingawa kukikosa kunaweza kumfilisi mtu. Nacho ni kazi ya kuzifunga swichi za mtandao wa kompyuta, ili waya wa mtu asiyehusika usipokelewe.

Katoro si kituo cha njiani tena. Mji huu wa Mkoa wa Geita, ulioko kwenye barabara kuu ya kuelekea Chato na Biharamulo na ulioshikana na Buseresere, unaishi kwa biashara, na sehemu kubwa ya fedha inayozunguka humo inatoka kwa wachimbaji wadogo. Tangu soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, likiwa la kwanza la aina yake nchini, biashara ya madini imezidi kudai kumbukumbu: uzito, bei, mrabaha na jina la muuzaji. Aidha, maduka ya jumla, vituo vya mafuta, zahanati za binafsi, vyama vya akiba na mikopo na mawakala wa benki nao wanaweka hesabu zao kwenye kompyuta. Kompyuta mbili au tatu zikishafika ofisini, pamoja na printa na kamera za ulinzi, kinachofuata ni swichi.

Swichi ni kile kisanduku chenye matundu ya kuchomekea waya, ambayo mafundi huyaita poti. Kila waya wa ofisi huishia hapo, na kila kinachosemwa kati ya kompyuta na kompyuta hupitia hapo. Swichi ikifungwa kama ilivyotoka dukani, kila tundu liko wazi. Mtu yeyote mwenye kompyuta mpakato na waya wa mita 2 anaweza kuchomeka kwenye tundu lililo nyuma ya kiti cha wageni, akapewa anwani ya mtandao mara moja, na kuanza kubisha hodi kwenye kompyuta ya mhasibu. Hakuna atakayemuuliza jina.

Hapa ndipo penye ajabu. Mfanyabiashara yule yule ana geti la chuma, kufuli mbili, mlinzi wa usiku na sefu iliyozamishwa kwenye sakafu. Hata Wi-Fi yake ameiwekea neno la siri, kwa sababu hataki jirani atumie bando lake. Lakini waya unaoingia moja kwa moja kwenye vitabu vyake vya hesabu hauna mlinzi. Ameuamini kwa sababu uko ndani ya ukuta.

Maoni yetu ni kwamba kosa hili si la fundi peke yake. Ni kosa la namna tunavyonunua. Mwenye fremu anapotaka mtandao huomba bei kwa mafundi 2 au 3, kisha humpa kazi aliye wa chini kuliko wote. Ankara huhesabu vitu vinavyoshikika: mita za waya, swichi moja, vichwa vya waya, nauli. Saa za kukaa mbele ya swichi na kuipangia masharti hazishikiki, kwa hiyo fundi anayeziweka kwenye ankara huonekana ghali na hukosa kazi. Mwenzake huchomeka waya, taa zikawaka, akalipwa na kuondoka. Soko linapolipa taa za kijani tu, litaletewa taa za kijani tu.

Wapo watakaosema wizi wa namna hiyo ni wa benki za Ulaya. Ni kweli umetokea Ulaya, na inafaa tujue ulivyotokea. Mwezi Desemba 2018 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza jinsi benki zisizopungua 8 za Ulaya Mashariki zilivyoibiwa katika miaka ya 2017 na 2018. Wezi hawakuvunja ukuta. Waliingia mchana kama watarishi au watafuta kazi, wakachomeka kompyuta ndogo ya bei rahisi kwenye tundu la mtandao ndani ya jengo, wakaondoka. Kazi iliyobaki waliifanya wakiwa mbali kupitia simu. Hasara ilikadiriwa kuwa makumi ya mamilioni ya dola. Sasa tujiulize: katika duka la jumla la Katoro siku ya mnada, ni watu wangapi hupita karibu na meza ya hesabu bila kuulizwa wanatafuta nini?

Mfano wa pili ni wa Benki Kuu ya Bangladesh, iliyoibiwa dola milioni 81 mwezi Februari 2016. Wezi hao hawakuchomeka waya. Waliingia kwa programu haramu. Hata hivyo, mpelelezi wa polisi wa nchi hiyo aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba benki ilikuwa ikitumia swichi kuukuu za dola 10 hivi, zisizoweza kutenganisha chumba cha malipo ya nje na ofisi nyingine. Swichi hizo pia ziliwawia vigumu wapelelezi kufuatilia wezi walivyopita. Fedha zilizookolewa kwenye swichi na fedha zilizopotea hazilingani hata kidogo.

Dawa ipo, wala si ngeni. Chombo cha kimataifa cha wahandisi, IEEE, kilitoa kanuni iitwayo 802.1X mwaka 2001, na kimeirekebisha mara kadhaa, mojawapo ikiwa mwaka 2020. Kazi yake inafanana na ya mlinzi wa geti mwenye nidhamu. Kompyuta ikichomekwa, swichi haiipitishi, huiambia ijitambulishe. Jina na uthibitisho wake hupelekwa kwa kompyuta nyingine inayotunza orodha, ambayo kwa kawaida huzungumza kwa utaratibu uitwao RADIUS. Orodha ikikubali, tundu hufunguka. Ikikataa, tundu hubaki limefungwa, au mgeni hupelekwa kwenye njia ya pembeni yenye intaneti tu. Mlinzi haamui mwenyewe, huuliza ofisi. Na ofisi inaweza kuandika nani aliingia, saa ngapi na kwa tundu lipi.

Si kila biashara inahitaji yote hayo kwa siku moja. Tunashauri hatua kwa hatua, kwa kadiri ya mali iliyopo.

Kwanza, acha kununua swichi isiyopangika kwa ajili ya chumba cha hesabu. Swichi ya namna hiyo haina pa kuandika masharti, hata fundi awe hodari vipi. Ikiisha kununuliwa inayopangika, neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo, na fundi aingie kwa njia iliyofichwa ya SSH, si kwa Telnet inayopitisha neno la siri wazi wazi.

Pili, matundu yasiyotumika yazimwe. Hatua hii haina gharama zaidi ya dakika chache. Swichi ya matundu 24 yenye waya 9 haina sababu ya kuwa na milango 15 wazi.

Tatu, kila tundu linalotumika lipangiwe kifaa kimoja kinachojulikana kwa namba yake ya kiwandani, ambayo mafundi huiita MAC. Hii ni kinga ya wastani tu. Namba hiyo huigwa, kama plati bandia ya gari inavyoweza kupita kizuizi chenye askari mvivu. Humzuia mdokozi, haimzuii mwizi aliyejiandaa.

Nne, panapokaa fedha za watu au taarifa zao, yaani vyama vya akiba na mikopo, mawakala wakubwa, wanunuzi wa dhahabu na zahanati, 802.1X iwekwe. Programu ya kutunza orodha si lazima inunuliwe. FreeRADIUS hutolewa bure. Windows nayo inaweza kujitambulisha kwa waya, ila huduma hiyo haiwaki yenyewe, fundi huiwasha. Kamera na printa nyingi haziwezi kujitambulisha hivyo. Hizo zitambuliwe kwa namba zao na kutengwa kwenye njia yao, zisiione kompyuta ya hesabu.

Yapo malalamiko ambayo ni ya haki. La kwanza ni umeme. Kompyuta yenye orodha ikizimika, wahudumu wote watabaki nje ya mtandao huku foleni ikirefuka. Vivyo hivyo ikiwa orodha iko Mwanza au Dar es Salaam na mawasiliano yakakatika. Wafanyabiashara waliowahi kufungiwa nje ya mtandao wao wenyewe hawana hamu ya kurudia. Jibu ni kupanga mapema: orodha iwe Katoro, swichi na kompyuta hiyo ziwe kwenye betri ya akiba, na iandikwe swichi ifanye nini orodha isipopatikana. Meza ya mauzo inaweza kuruhusiwa njia finyu ya dharura. Meza ya mhasibu, kwa maoni yetu, ingoje.

La pili ni zito zaidi: ukimpa fundi ufunguo wa milango yote, umebaki mikononi mwake. Mkikorofishana kuhusu malipo, anaondoka na neno la siri. Ndiyo maana masharti ya swichi ni mali ya mwenye biashara. Yaandikwe, yachapwe, yatiwe kwenye bahasha pamoja na neno la siri la juu, na bahasha ikae kwenye sefu. Fundi awe na jina lake mwenyewe la kuingilia, ambalo mwenye mali anaweza kulifuta.

Sheria nayo haijalala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia kwenye mfumo wa mwenzake bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgeukia mwenye mfumo mwenyewe na kumtaka azilinde taarifa za watu alizozikusanya. Mwenye zahanati au kibanda chenye nakala za vitambulisho vya wateja hawezi tena kusema yeye ni mfanyabiashara mdogo tu. Lakini sheria huja baada ya wizi. Kufuli huja kabla.

Basi anayetaka thamani ya fedha yake afanye majaribio mawili kabla ya kutoa malipo ya mwisho. La kwanza: achukue kompyuta mpakato isiyo ya ofisi, aichomeke kwenye kila tundu la ukutani, moja baada ya jingine. Pale itakapopewa njia ya kufika kwenye hesabu zake, kazi haijakwisha. La pili: azime swichi, aiwashe tena, kisha arudie jaribio la kwanza. Swichi nyingi zinazopangika husahau masharti yasiyohifadhiwa umeme unapokatika, na Katoro si mahali pa kutegemea umeme usikatike. Fundi aliyesahau kuhifadhi ataonekana hapo hapo, si siku ya hasara.

Majaribio hayo yaandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kuomba bei, ili mafundi wote washindanie kazi ile ile. Hapo fundi mwangalifu hataonekana ghali tena, na yule wa taa za kijani atalazimika ama kujifunza ama kupisha. Soko la Katoro limejifunza kutonunua dhahabu kwa kuitazama kwa macho, huipima kwanza. Mtandao nao upimwe kabla ya kulipiwa.