Bingwa wa Barafu na Funzo la Utengamao

Mwaka 1946, Tenley Albright wa Marekani alikuwa na umri wa miaka 11 alipopatwa na polio. Chanjo ilikuwa bado haijapatikana. Ile ya kwanza iliidhinishwa mwaka 1955. Alipotoka hospitalini alishauriwa arejee kwenye mchezo alioupenda, yaani kuteleza kwenye barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, ili misuli yake ipate nguvu tena.

Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1953 na 1955. Mwaka 1956, mjini Cortina d'Ampezzo, Italia, akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo, muda mfupi baada ya kuanguka mazoezini na kukatwa vibaya kifundo cha mguu na makali ya kiatu chake. Mwaka 1961 alihitimu udaktari Harvard, akawa daktari wa upasuaji.

Maisha haya husimuliwa kama ushindi wa ujasiri dhidi ya ugonjwa. Simulizi hiyo ni tamu, lakini humdhulumu aliyebaki na ulemavu, kana kwamba hakujitahidi vya kutosha. Virusi vya polio huua chembe za neva zinazoendesha misuli, na idadi ya chembe zinazokufa haitegemei ushujaa wa mgonjwa. Zinazosalia zinaweza kuchipua matawi na kuifikia misuli iliyoachwa yatima. Mazoezi ya kiasi huiimarisha misuli hiyo. Chembe zilizosalia zikiwa chache mno, nia pekee haiwezi kuziba pengo.

Linalostahili kuigwa, basi, ni ule ushauri. Ni rahisi kumwambia mgonjwa apumzike, kisha kumpa orodha ya mazoezi atakayoyaacha baada ya wiki moja. Ni vigumu zaidi, na ni bora zaidi, kumuuliza alipenda kufanya nini kabla ya kuugua, kisha kumpimia njia salama ya kukirudia, hata kama hatakifanya kama zamani. Mtoto anayecheza hahesabu marudio ya zoezi.

Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Aseme anachotamani kukirudia. Na mzazi ampeleke mtoto kliniki akamilishe chanjo, kwa kuwa kinga hiyo Albright hakuipata alipoihitaji.