Mtoto aoge mara ngapi? Baba aoge kwanza

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba,

Wazazi wengi wanauliza: mtoto aogeshwe mara ngapi? Kila siku? Mara mbili kwa siku? Au mara chache, ili asishikwe na baridi na ngozi yake isikauke? Tunatoa jibu letu hapa mwanzo. Kolwezi, na zaidi sana Kasulo, mtoto aogeshwe kila siku, jioni kabla ya kulala, na anawe mikono kila mara kabla ya kula. Lakini mtu wa kwanza wa kuoga katika nyumba si mtoto. Ni baba yake.

Wako watakaosema kwamba usafi wa watoto ni kazi ya mama. Tunawaomba wasome mpaka mwisho.

Vumbi letu si vumbi la kila mahali

Madaktari wa ngozi wa Marekani wanasema mtoto wa miaka 6 mpaka 11 akioga mara 1 au 2 kwa juma inatosha, kama hakuchafuka wala hakutoka jasho jingi. Shauri hilo ni jema kwa mtoto anayecheza juu ya majani na kulala katika nyumba isiyo na vumbi la madini. Usilichukue kama lilivyo ukalileta Kasulo.

Kasulo tunaijua sote. Mwaka 2014 mawe ya kobalti yalipatikana chini ya nyumba za watu. Haukupita muda mrefu, mashimo yakachimbwa ndani ya lupango, kando ya ukuta, hata ndani ya vyumba. Mawe yakapandishwa kwa kamba, yakapondwa na kuchambuliwa pale pale mama anapopika na mtoto anapotambaa. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na watu wakahamishwa. Lakini vumbi halisimamishwi na ukuta.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, pamoja na wale wa Chuo Kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, walipima vumbi la nyumba za Kasulo, na damu na mkojo wa wakaaji wake. Walitangaza matokeo mwaka 2018. Vumbi la nyumba lilikuwa na kobalti nyingi kuliko vumbi la mtaa mwingine uliotumiwa kulinganisha, pamoja na madini mengine, uranium ikiwa mojawapo. Watu walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto walikuwa nayo zaidi kuliko wakubwa. Katika miili ya watoto hao zilionekana pia dalili kwamba chembe za urithi zilikuwa zinapata madhara.

Si mara ya kwanza. Mwaka 2009 watafiti hao walitangaza vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kwa wale waliokaa karibu, chini ya kilometa 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyushia madini, kobalti ilikuwa ya juu kuliko ilivyowahi kupimwa popote duniani kwa watu wa kawaida, yaani wasio wafanyakazi wa kobalti.

Ndiyo maana swali la kuoga, ambalo mahali pengine ni swali la kupendeza na kunukia vizuri, kwetu ni swali la afya.

Mdomo ndio mlango

Wengine wanadhani vumbi linapenya ngozi, hivyo wanamsugua mtoto kwa nguvu mpaka analia. Sivyo. Vumbi linaingia hasa kwa mdomo na kwa pumzi. Mtoto mdogo anatambaa chini, anashika udongo, kisha anaweka vidole mdomoni. Pua yake iko karibu na ardhi kuliko yako. Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo kipimo kidogo kwako ni kikubwa kwake.

Kobalti kidogo sana mwili unaihitaji. Imo ndani ya vitamini B12. Ikizidi inakuwa sumu. Mwaka 1965 na 1966, mjini Quebec huko Kanada, watu walikunywa bia nyingi iliyotiwa kobalti ili povu lisiishe upesi. Wengi wao walikuwa hawali vizuri. Mioyo yao iliharibika, na baadhi yao wakafa. Hatusemi kwamba mtoto wa Kasulo atapata ugonjwa ule. Tunasema kobalti ya kumezwa si kitu cha kuchezea. Tena mwili uliopungukiwa na chuma unafyonza kobalti nyingi zaidi. Mtoto anayekula bukari na majani ya mihogo tu kila siku yuko katika hatari kuliko yule anayepata pia maharagwe, samaki na nyama kidogo.

Basi kuoga kuna kazi gani? Kunaondoa vumbi kwenye vidole, kucha, nywele na masikio kabla halijafika mdomoni. Kwa sababu hiyo wakati wa kuoga una maana kuliko idadi ya kuoga. Mama anayemwogesha mtoto asubuhi, kisha anamwacha alale jioni na vumbi la mchana kutwa, amemsafisha kwa ajili ya shule tu. Vumbi linabaki katika blanketi, na mtoto analivuta usiku kucha.

Vumbi linarudi nyumbani na baba

Sasa tunafika kwa baba. Mtoto anaweza kuogeshwa vizuri jioni, akapakwa mafuta, akavaa nguo safi. Kisha baba anaingia na nguo za kazi. Mtoto anamkimbilia, baba anambeba, anamweka juu ya magoti. Kazi yote ya mama imepotea kwa dakika moja.

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Mwaka 1965 madaktari wa London walitangaza habari za watu waliougua saratani ya utando wa mapafu kwa sababu ya asbesto. Miongoni mwao walikuwamo wanawake ambao hawakufanya kazi kiwandani hata siku moja. Walifua tu nguo za waume zao. Na mwaka 2020 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walitangaza utafiti juu ya watoto waliozaliwa Lubumbashi wakiwa na kilema. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba yao alifanya kazi ya madini. Utafiti mmoja hauthibitishi kila kitu. Lakini unatosha kumwambia baba kwamba nguo zake za kazi hazimhusu yeye peke yake.

Tangu siku za kambi za Union Minière, mama ndiye aliyefundishwa usafi. Mama ndiye aliyekwenda na mtoto kwenye mizani, mama ndiye aliyeambiwa afanye hivi na asifanye vile. Mafunzo hayo yalisaidia. Lakini baba alibaki kando, na yeye ndiye mwenye kuleta vumbi. Mtoto akikutwa mchafu, mama analaumiwa. Tunaona lawama hiyo si ya haki.

Beseni moja, maji yale yale

Tuseme pia juu ya desturi moja. Wakati wa kula, beseni la maji linapitishwa. Baba ananawa kwanza, kwa heshima, halafu wakubwa, halafu watoto kwa mpangilio wao. Aliye mdogo kuliko wote ananawa mwisho, katika maji ambayo mikono yote imekwisha kuachia vumbi lake. Kisha anashika bukari kwa vidole hivyo.

Heshima tuishike, maji tuyabadilishe. Mmoja amimine maji kwa kikombe, mwingine anawe kwa sabuni, na maji machafu yaanguke chini ya mikono. Baba ataendelea kunawa wa kwanza, na mdogo atanawa kwa maji safi kama yake. Kwa njia hii hata kikombe kimoja kinatosha mtu mmoja.

Na maji je?

Tunasikia jibu: «Maji ya kuoga watu wote kila siku tutayapata wapi?» Ni kweli. Mwenye kununua maji kwa bidoni anajua bei yake, na mwenye kuchota mbali anajua uzito wake. Lakini hesabu ni hii: mtoto mdogo anaoga vizuri kwa nusu ndoo. Baba aliyetoka kazini na vumbi anamaliza bidoni zima la lita 20. Basi baba akioga kazini, bidoni lile linabaki kwa ajili ya watoto.

Hapa tunasema na kampuni na wakubwa wa kazi pia. Bafu za kazini zifanye kazi katika kila zamu, pamoja na zamu ya usiku. Sabuni iwepo. Kila mfanyakazi awe na mahali pa kuweka nguo za kazi mbali na nguo za nyumbani. Wafanyakazi wa siku moja na wale wa makampuni madogo wasisahauliwe, kwa maana watoto wao wanapumua kama watoto wengine. Bafu lililoharibika lihesabiwe kama hatari ya kazi, sawa na waya wa umeme ulio wazi, na mjumbe wa wafanyakazi aliandike katika ripoti.

Na baridi je? Tunajua usiku wa Juni na Julai ulivyo hapa juu. Ndiyo miezi ya vumbi jingi, kwa sababu mvua hakuna. Usiache kumwogesha mtoto, badilisha saa. Mwogeshe jua likiwa bado liko, pasha maji kidogo kwenye babula, mfute upesi, mpake mafuta. Asirudi tena kucheza udongoni. Mtoto mchanga asiogeshwe siku ile ya kuzaliwa; asubiri saa 24, akae kifuani kwa mama.

Haya ndiyo tunayokuomba ufanye

1. Baba, oga kazini, na nywele pia. Kama kazini hakuna maji, oga nyumbani kabla ya kumshika mtoto.

2. Mabuti na nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala. Zifuliwe peke yake, kamwe si pamoja na nguo za mtoto. Maji yake yasimwagwe mahali watoto wanapocheza wala kwenye bustani ya mboga.

3. Gunia la mawe lisilale ndani ya nyumba, na mawe yasipondwe ndani ya lupango. Mwambie hivyo pia shemeji au mdogo wako anayechimba.

4. Usifagie pakavu. Nyunyiza maji kwanza, au pangusa kwa kitambaa chenye maji. Vyombo na chakula vifunikwe.

5. Mtoto aoge kila jioni kwa sabuni isiyo kali. Kucha zikatwe. Mikono inawiwe kabla ya kila mlo, hata kabla ya kula embe.

Kuoga si dawa. Hakuondoi kobalti iliyokwisha kuingia mwilini, wala hakuchukui mahali pa kazi ya serikali na makampuni, ambao wanapaswa kuondoa mawe na mashimo katikati ya nyumba za watu. Mtoto akikohoa bila kupona, akichoka ovyo au akivimba, mpeleke kwa daktari na useme wazi mnakaa wapi na baba anafanya kazi gani.

Lakini kesho asubuhi serikali haitakuwa imekwisha ondoa vumbi, na jioni mtoto atakuwa mlangoni anakungoja. Ndugu mfanyakazi, mikono ile atakayoikimbilia iwe imekwisha kuoshwa.