Njaa ya Saa Moja Jioni



Mwezi huu nalijibu swali moja tu, kwa kuwa wanaoniuliza ni wengi na maneno yao hayapishani sana. Mama mmoja wa Dar es Salaam ameliweka wazi kuliko wengine. Anafanya kazi mjini na hushuka kwenye daladala saa moja jioni. Pale kituoni pana kabati la vioo lenye taa, chipsi zimerundikwa ndani. Hununua sahani nne, siku nyingine chipsi mayai, ile ambayo vijana huiita zege, pamoja na soda. Watoto hawataki tena ugali, na baba watoto ameambiwa na daktari kwamba shinikizo lake la damu limepanda. Mama huyu amepiga marufuku chipsi nyumbani mara tatu, na kila mara marufuku hiyo haikufika Ijumaa.

Kwa maoni yangu, mama huyu hashindwi na chipsi. Anashindwa na ule muda kati ya kushuka kwenye gari na chakula kuiva. Akifika nyumbani mkaa haujawashwa, maharage ni makavu kama changarawe, na watoto wanalia njaa. Esau naye alirudi kutoka porini akiwa hoi, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu. (Na dengu ni chakula bora kuliko chipsi!) Huwa tunamsema Esau kwa tamaa yake, lakini tuangalie pia alifanya biashara ile akiwa katika hali gani. Mtu mwenye njaa ya namna ile huchukua kilicho tayari, na marufuku haiwezi kumzuia kama hakuna kingine kilicho tayari.

Kwanza tuone kilichomo ndani ya sahani, ili tusikihukumu bure. Kiazi chenyewe hakina kosa. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kalori zipatazo 87 na karibu hazina mafuta. Viazi hivyo hivyo vikikatwa vipande vyembamba na kuzamishwa katika mafuta ya moto, kalori hufika 300 hivi katika kila gramu 100, kwa sababu maji hutoka na mafuta huingia. Mafuta yenyewe mara nyingi huwa yamekaangiwa tangu asubuhi, na pengine tangu jana. Ukiyaona yamekuwa meusi, yanatoa povu na moshi upesi, ujue yameharibika. Simlaumu muuzaji, mafuta ni ghali naye ana watoto wa kusomesha. Lakini wewe una haki ya kuchungulia karai lake.

Kisha huja chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena kwa vyakula vyote vya siku nzima. Chipsi hunyunyiziwa chumvi zikitoka motoni, mlaji huongeza yake mezani, na sosi ya nyanya nayo ina chumvi. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu, hapa ndipo penye hatari. Soda ya mililita 350 ina sukari ipatayo vijiko 9 vya chai. Hakuna mama ambaye angemtilia mtoto wake vijiko 9 katika kikombe cha chai. Haya si mambo ya Ulaya na Marekani peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi.

Sasa turudi kwenye ile saa moja jioni. Kazi kubwa ifanyike Jumamosi, siku ambayo jiko litawaka tu. Loweka kilo moja ya maharage Ijumaa usiku, mwaga maji yale, uyachemshe asubuhi mpaka yaive kabisa. Kilo moja kavu hutoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Mwenye friji ayagawe katika vyombo vidogo, cha siku moja moja, ayagandishe. Siku ya kazi utakata kitunguu na nyanya, uyaunge, na mchicha uive pembeni kwa dakika chache. Asiye na friji asijaribu kuyaweka siku nyingi katika joto la Pwani. Huyo dagaa wakavu ndio wokovu wake: awachambue na kuwaosha, awakaushe tena juani vizuri, awafunge katika chombo kikavu. Jioni watakaangwa kwa mafuta kidogo, kitunguu na ndimu, kabla hata maji ya ugali hayajachemka.

Na wewe mwenyewe usifike kituoni na tumbo tupu. Weka ndizi mbivu au karanga katika mkoba, ule ukiwa bado ndani ya gari. Watoto nao wakute uji katika chupa ya chai, au viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi na kufunikwa. Mtoto aliyekwisha kula kiazi kitamu saa kumi na moja ana subira ya kuungojea ugali.

Danieli na wenzake waliomba wajaribiwe kwa siku 10, wakila mboga na kunywa maji. Najua Danieli hakuwa akipunguza unene, lakini napenda kwamba aliomba muda mfupi wenye mwisho unaojulikana. Jaribuni siku 10 nyumbani kwenu, mkiandika katika daftari fedha ambazo hazikwenda kwenye kabati la vioo. Sahani nne kwa siku nne za juma ni sahani 16, na kwa mwezi ni zaidi ya 60. Zidisha kwa bei ya mtaani kwenu. Ulimi, hata hivyo, hauachi chumvi kwa siku 10. Huchukua majuma kadhaa mpaka chakula chenye chumvi kidogo kianze kuwa na ladha. Mtoto naye huenda akaikataa mboga mara kumi kabla ya kuizoea. Mpe kidogo, usigombane naye, na kesho umpe tena.

Chipsi zenyewe zisifukuzwe kabisa. Kupendwa kwake ndiko kulikoua zile marufuku tatu. Ziwe za Jumamosi mara moja moja, zipikwe nyumbani kwa mafuta safi, na kachumbari nyingi pembeni badala ya sosi. Siku nyingine chemsha viazi na maganda yake, vimenye, vikate, uvigeuze katika kijiko kimoja cha mafuta pamoja na kitunguu, kisha mmiminie mayai. Watoto wengi wataiita zege bila kuuliza.

Kuhusu baba watoto, dada yangu, usimhubirie mezani mbele ya watoto. Ondoa kichupa cha chumvi mezani bila kutangaza, weka ndimu na pilipili mahali pake. Dawa alizopewa na daktari aendelee nazo hata chakula kikibadilika, na asizipunguze mpaka daktari mwenyewe aseme. Na umuulize kwa upole anakula nini mchana kazini, maana huenda sahani ya jioni ni ya pili kwake. Kama ndivyo, yale maharage ya Jumamosi yawe kilo moja na nusu, na hotpoti moja ndogo iende naye kazini.