Homoni ya kiume: jeli au sindano kwa mtu wa Kilosa?

Kwa mwanaume wa Kilosa au Mikumi aliyepimwa akakutwa na upungufu wa testosteroni, jeli inavutia: anapaka mabegani kila asubuhi, hachomwi sindano. Kazi ipo baadaye. Dawa hubaki kwenye ngozi, na akimpakata mtoto akiwa kifua wazi kwa joto lile, inahamia kwa mtoto. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza jeli hizi ziwekewe onyo kali, baada ya watoto wadogo waliogusana nayo kuanza kuota nywele za siri. Kwa familia ya chumba kimoja na kitanda kimoja, huo ni mtihani.

Sindano haina shida hiyo. Ya muda mfupi huchomwa kila wiki mbili au tatu: siku za mwanzo mtu yuko fiti, mwishoni anachoka tena, na damu inaweza kuwa nzito, hivyo lazima ipimwe. Ya muda mrefu hukaa wiki 10 hadi 14. Hiyo ni kama safari 4 au 5 kwa mwaka, hata kama ni kwenda Morogoro mjini.

Ila kijana anayetafuta mtoto asikimbilie yoyote. Tofauti na wengi wanavyodhani, jeli na sindano zote hupunguza mbegu za kiume, wakati mwingine hadi sifuri, na kurudi kwake huchukua miezi.